Kijiko cha Kazi Saba

Jumatatu, 3 Juni

Leo nimepokea masanduku ya chakula cha makopo kwa ajili ya zoezi la porini. Nimekagua. Nimesaini. Nimedharau.

Ndani ya kila pakiti wameweka tena kile kifaa chao. Kipande cha chuma, urefu wa kidole cha kati. Upande mmoja kijiko, upande wa pili jino la kufungulia kopo, katikati tundu la kung'olea kizibo cha chupa. Jina lake rasmi lina maneno sita na hakuna mtu kambini anayelikumbuka. Askari wanakiita Mkatamdomo. Ukisahau upande upi ni wa kula na upi ni wa kukata, unakula damu yako mwenyewe. Na hicho kijiko! Kina chake ni cha kucha! Mtu anakula kopo la maharage nacho mpaka maharage yanaanza kuota.

Nani alikibuni? Mtu asiye na mdomo, bila shaka.

Mimi ni koplo wa stoo. Mwaka wa kumi na moja sasa, tepe mbili zile zile. Najua askari wananiita Kufuli, kwa kuwa kitu hakitoki stoo mpaka kiombwe mara tatu. Wanadhani ni tusi. Kufuli ndilo linalolinda nyumba, wao ni panya tu.

Nimeamua. Nitatengeneza kifaa changu. Meja ndiye atakayeongoza zoezi, atakula nacho mbele ya watu, atashangaa, na utepe wa tatu utakuja wenyewe ukitembea kwa miguu.

Jumanne, 4 Juni

Nimechora asubuhi nzima. Kijiko, uma, kisu, kifungua kopo, kifungua chupa, bisibisi. Sita. Nikaona sita ni uvivu. Nikaongeza filimbi mpinini, kwa askari atakayepotea porini. Saba! Hakuna jeshi lolote lenye kijiko kinacholia.

Nimekipa jina: Jemadari.

Jioni nikamwonyesha mke wangu mchoro. Akaugeuza. Akaugeuza tena. Akauliza mtu atakulaje huku bisibisi inamchungulia puani. Nikamwambia bisibisi iko upande mwingine. Akauliza upande upi, maana huko anaona kuna uma. Nikakunja karatasi.

Ukoo wake ndivyo ulivyo. Baba yake alistaafu akiwa sajinimeja na picha yake imetundikwa sebuleni, mkabala na kiti changu. Kila nikimeza tonge ananitazama kana kwamba nimelitoa mfukoni mwake.

Jumatano, 5 Juni

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana karakana ya kuchomelea vyuma. Mtu mpole kupita kiasi. Ukimkanyaga anakuomba radhi. Nimempelekea mchoro. Akasema kazi inawezekana, ila anahitaji chuma kisichoshika kutu, naye hana.

Nikajua pa kukipata.

Nyuma ya jiko la kambi kulikuwa na sinia kumi na mbili za chuma, zimeanikwa juani. Zimebonyea. Zimekwaruzwa. Kuziita sinia ni kuwatukana waliozitengeneza. Nimezitia kwenye gunia nikaondoka nazo nikipiga mluzi. Wizi? Hapana. Mali ya jeshi imetoka jeshini na itarudi jeshini. Imepitia saluni tu.

Mwenye jiko ni mpishi mkuu, tunamwita Upawa, kwa sababu hajapata kuonekana bila upawa mkononi. Hata kwenye gwaride anaonekana kama ameuacha kwa masharti. Mwaka jana mkuu wa kambi alimsifu mbele ya kikosi kizima kwa chakula kizuri. Chakula hicho kilitoka wapi? Stoo! Nani alikisifu kitasa cha stoo? Hakuna. Sijasahau.

Alhamisi, 6 Juni

Upawa amekuja stoo asubuhi na mapema akiulizia sinia zake. Akasema askari wamekula kifungua kinywa kwenye mifuniko ya masufuria. Nikamwambia mtu asiyetunza vyombo hata Mungu hampi vingine. Nikampa fomu ya vitu vilivyopotea. Ijazwe nakala tatu. Akajaza zote tatu, mwandiko wa kuku, akanishukuru na kuniachia maandazi mawili kwenye karatasi.

Maandazi! Mtu mjanja sana huyu. Anadhani nitapumbazwa kwa unga.

Nimeyala yote mawili. Ya kawaida tu.

Jumamosi, 8 Juni

Siku tukufu. Jemadari wa kwanza amezaliwa!

Nimefika karakana saa tatu. Shemeji akakitoa kwenye kitambaa, kinang'aa kama jino la bwana harusi. Kizito kidogo, lakini hata heshima ni nzito. Akalishika kopo, akachomeka jino, akazungusha. Krrr! Kifuniko kikaruka. Kopo la pili, krrr! La tatu, la nne, la tano. Yeye anafungua, mimi naandika matokeo.

Akaniuliza kama sitaki kujaribu na mimi. Nikamwambia mwenye akili huandika, mwenye mikono hufungua.

Akakuna kichwa. Akashauri kwa adabu zake zile za kuchosha kwamba tuwape kwanza askari wawili watatu wavijaribu. Tena nisiwaondolee vile vya zamani, viwemo vyote viwili kwenye pakiti. Nikacheka mpaka nikashika meza. Ukimpa punda njia mbili atafuata ile anayoijua. Nimemwambia atengeneze thelathini, na azibe mdomo.

Jumapili, 9 Juni

Thelathini tayari. Shemeji hajalala vizuri, macho mekundu kama pilipili. Nikamwambia historia haitamsahau. Akasema ahsante shem, akapiga mwayo.

Mchana nimefungua pakiti zote thelathini, nimetoa Mkatamdomo kila moja, nimeweka Jemadari. Na pakiti ya Meja pia, ya thelathini na moja, nimempa kile cha kwanza nilichokuwa nimekisugua kwa jivu. Takataka zile za zamani nimezifungia kabatini. Ufunguo uko shingoni mwangu.

Mke wangu akauliza, je, visipofanya kazi? Nikamwambia hilo ni swali la ukoo wao. Akaendelea kupiga pasi sare yangu. Akazinyoosha zile tepe mbili taratibu, kama mtu anayepapasa kidonda cha mtoto.

Jumatatu, 10 Juni

Naandika nimeketi juu ya gogo, kidole gumba kimefungwa kitambaa.

Nilijitolea kuongozana na kikosi. Meja alishangaa, maana sijakanyaga porini miaka tisa. Nikamwambia nina uchungu na vijana. Ukweli nilitaka niwepo pongezi zitakapomwagika, zisiokotwe na mwingine.

Saa saba, amri ya kula. Watu thelathini wakatoa makopo thelathini. Wakamtoa Jemadari. Pakawa na ukimya. Nikadhani ni heshima.

Kisha yakaanza matusi.

Jino halikamati! Mtu anachomeka, anazungusha, linateleza. Anachomeka tena, linateleza tena. Huyu kopo limemruka likaingia vichakani. Yule analikaba kati ya magoti kama anayekamua mbuzi mkaidi. Nikawapigia kelele kwamba hawakufunzwa. Nikamnyang'anya mmoja kopo lake nimwonyeshe. Hiyo ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumtumia Jemadari, naikiri hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Likateleza. Likachukua kipande cha kidole gumba.

Hapo ndipo nikasikia krrr.

Askari mmoja mrefu, wanamwita Twiga, alikuwa ameshafungua lake na anakula. Nikamkimbilia. Nikamwambia fungua jingine. Krrr! Nikamtazama mkono.

Wa kushoto.

Na shemeji yangu! Anakula kwa kushoto, anapiga nyundo kwa kushoto, siku ya posa yangu alinimiminia chai kwa kushoto na mama mkwe akamfinya. Ametengeneza vifungua kopo thelathini na kimoja kwa ajili ya watu wenye mashoto! Miaka kumi na miwili nimeoa katika nyumba ile na hakuna hata mmoja aliyenionya!

Ikapangwa foleni. Kikosi kizima mbele ya Twiga, kila mtu na kopo lake mkononi, kama wagonjwa wanaosubiri sindano. La Meja likafunguliwa la kwanza. Meja akachota nyama, akatia mdomoni upande wa uma. Akatulia. Akautoa taratibu. Damu ikashuka kidevuni.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo lililonitisha. Akakigeuza kile kifaa, akauliza hili tundu ni la nini.

"Filimbi, afande."

"Ya nini?"

Nikaeleza. Akaniuliza vile vya kawaida viko wapi.

"Viko salama, afande. Kabatini. Nimefunga kabisa."

Akanitazama kwa muda mrefu sana. Nadhani alikuwa anatafuta maneno ya kunisifu mdomo ukamuuma.

Jumanne, 11 Juni

Kazi ya leo ilikuwa kulala majanini, kimya, kuwavizia wenzetu wa kikosi cha pili ambao ndio waliokuwa adui. Tumelala tangu alfajiri. Siafu wamenizuru. Twiga alipita akitambaa kwa tumbo, akifungua makopo ya watu mmoja mmoja. Supu ya nyama. Meja akaashiria tule, lakini pole pole, asisikike mtu.

Sasa. Nilipochora ile filimbi, sikufikiria kwamba mtu akifyonza supu kwenye kijiko, pumzi inapita mpinini.

Fyuu! Mmoja.

Fyuu, fyuu! Wawili.

Kisha wote. Kichaka kizima kikalia kama miti iliyovamiwa na ndege. Adui walikuwa wameshatupita, wako mbali kule wakielekea mtoni, wamepotea njia kabisa. Wakasimama. Wakageuka. Wakaja moja kwa moja bila hata kuinama, wanacheka. Tumetekwa sote, vijiko mdomoni, Meja akiwa wa kwanza.

Nataka iandikwe mahali fulani, na iandikwe hapa: filimbi imesikika hatua mia nne. Nilihesabu mwenyewe wakati tunasindikizwa. Hakuna aliyenipongeza. Mmoja amenitemea mate karibu na kiatu.

Kisha likaja baya zaidi. Kwa kanuni za zoezi, washindi wana haki ya kuchukua mateka mmoja mpaka kesho yake. Wakamchagua Twiga. Sijui nani aliwanong'oneza. Mkono wetu wa kushoto ukaondoka umefungwa kamba.

Tangu hapo hatujala. Watu wanapiga makopo kwa mawe. Kopo moja limepasuka, mchuzi umenywewa na mchanga, na mwenye kopo amekaa chini akautazama, jitu zima lenye ndevu, akaanza kulia bila sauti. Nikamwambia askari halii. Wenzake wakanizunguka kidogo. Nimehamia karibu na hema la Meja.

Njaa inauma. Ningejua ningebeba maandazi.

Jumatano, 12 Juni

Asubuhi tumesikia lori. Nani? Upawa! Amesimama nyuma na masufuria yake kama mfalme anayerudi vitani. Kumbe Meja alipiga redio kambini jana jioni. Upawa amepika tangu saa tisa alfajiri, akaja na wali wa moto na mchuzi, na kifungua kopo cha jikoni kimefungwa kamba kiunoni.

Watu wamemshangilia. Kwa wali! Mimi nimewapa uvumbuzi.

Akapakua kwenye mifuniko ya masufuria, kwa kuwa hana sinia. Akapita kila mtu, akiuliza huyu umelalaje, yule kidole kimefanya nini. Alipofika kwa askari wa jana, yule aliyelia, akampa nyama mara mbili na wala hakumuuliza kitu.

Kisha akaokota Jemadari mmoja chini. Akaufuta mchanga. Akakigeuza mgongoni. Shemeji yangu, kwa ule uzembe wake, hakuisugua alama ya sinia. Pale pale nyuma ya kijiko imesomeka: JIKONI. Na nusu ya namba.

Upawa akanitazama. Mimi nikatazama mawingu. Kulikuwa na mawingu ya kuvutia sana.

Bahati yangu, Meja akawa amesimama nyuma yake, mdomo umevimba kama wa samaki. Akamuuliza kama zile sinia zake zimepatikana.

Upawa akakitia kile kijiko mfukoni.

"Zimepatikana, afande. Zimechakaa tu kidogo."

Halafu akanipakulia. Upawa mzima, umejaa, na mchuzi juu. Akasema, "Kula, koplo. Umekonda."

Mnafiki! Najua hesabu zake. Ameniwekea siri hii kama mtu anayefuga jogoo wa sikukuu, siku moja atanichinja nayo. Mtu mwema kweli angesema pale pale, yakaisha.

Nimekula. Nikaongeza. Chumvi ilizidi.

Ijumaa, 14 Juni

Ofisini kwa Meja, saa nne kamili. Mdomo wake umeshonwa nyuzi mbili. Nimesimama wima, kidole gumba kimefichwa.

Akaniambia nijieleze. Nikajieleza vizuri sana. Nikasema kosa la kwanza ni la fundi, ambaye ni shemeji yangu na alificha mkono wake. Kosa la pili ni la askari, wanaofyonza supu kama ng'ombe badala ya kuinywa kistaarabu. Kosa la tatu ni la jeshi lenyewe kuandikisha watu wengi wa mkono wa kulia bila mpangilio.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, kwa kuwa nyuzi zinamvuta:

"Koplo, watu thelathini wamelala njaa na chakula kiko mikononi mwao. Wewe ulikuwa na ufunguo shingoni. Unaelewa ulichofanya?"

Nikamjibu naelewa kabisa, kinachotakiwa ni toleo la mkono wa kulia.

Utepe mmoja umeondolewa. Ufunguo wa stoo amepewa, nashindwa hata kuandika, Twiga! Mtu ambaye akili yake yote iko kwenye mkono mmoja. Nami nimehamishiwa jikoni, chini ya Upawa. Kazi yangu: kufungua makopo.

Nyumbani mke wangu alinivua shati. Alichukua wembe akaketi dirishani, akaufumua ule utepe uzi mmoja mmoja ili asichane shati. Nilitazama ukutani. Baba mkwe alinitazama. Nikahamisha kiti.

Alipomaliza akasema kaka yake hali chakula tangu jana. Amefunga karakana. Anasema amekuharibia kazi na hajui atakutazamaje usoni. Nenda kamwambie si kosa lake, mume wangu. Neno moja tu.

Nikamwambia nitafikiria. Ni vizuri ajutie kidogo, majuto hujenga.

Akaenda mwenyewe. Kavaa khanga, kafunga mlango pole pole. Mlango ukifungwa kwa kishindo mtu anajua la kujibu.

Jumatatu, 17 Juni

Siku ya kwanza jikoni. Nimevishwa aproni yenye maua. Askari wamepita dirishani mmoja mmoja kunitazama, wengine mara mbili. Wameniuliza Kufuli amekuwaje akageuka kuwa ufunguo. Wamecheka sana. Utani wa kiwango cha chini, lakini ndio uwezo wao.

Upawa hajataja sinia. Hata kidogo! Ameninunulia dawa ya kidole. Amenionyesha namna ya kushika kopo ili lisiteleze, ametengeneza chai, amenipa kile kigoda kizuri chenye mgongo. Kila wema wake naupokea kwa tahadhari kubwa.

Mke wangu amerudi kutoka kwa kaka yake. Amesema kaka yake ameanza kula. Chakula cha jioni kilikuwa mezani, kimefunikwa. Amekula mapema, peke yake.

Alhamisi, 20 Juni

Siku tatu nimefungua makopo na kuwaza. Akili kubwa haifungiki jikoni.

Nimegundua tatizo la jiko la jeshi. Masufuria! Mazito, yanahitaji lori. Wakati kila askari anatembea porini na chombo kizuri cha chuma, kirefu, kipana, kimetulia kichwani mwake, hakipiki kitu! Kofia! Ukiigeuza ni sufuria. Ukiitia mpini ni kikaango. Nyumba ya askari iko kichwani mwake na wakubwa wote hawa hawajaiona. Vichwa vyao viko chini yake, ndiyo maana.

Sikutaka kurudia kosa la kufanya nyingi kwa mpigo. Mtu hujifunza. Nimeanza na moja tu.

Mchana nilipeleka chai ofisini kwa Meja, nikaikuta kofia imetundikwa nyuma ya mlango, mpya, haina hata mkwaruzo. Mwenyewe alikuwa hospitalini anatolewa nyuzi. Nimeitoboa matundu mawili ya mpini, safi kabisa, na la tatu la kuchujia maji, kisha nikakaangia vitunguu kuijaribu.

Kesho ni ukaguzi wa kikosi na Meja atakuwa mbele. Nimeirudisha mahali pake, nimeipangusa vizuri, mpini nimeuacha ndani ili aone mwenyewe.